Roboti, Fundi na Kiwanda cha Magari: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Hapa Nyakato

Nilikaa miaka tisa katika ofisi ya rasilimali watu ya kiwanda kimoja cha kuunganisha malori, mbali na nyumbani. Sasa nimerudi Mwanza, nashinda Nyakato kati ya karakana za bodi za malori, gereji, na vijana wanaotoka chuo cha ufundi cha VETA na vyeti vyao vikiwa bado kwenye bahasha. Maswali ninayoulizwa ni yaleyale, mengine kwa simu saa tano usiku. Nimeyakusanya hapa. Kama una haraka, ruka hadi kwenye lako.

Mwanza haina kiwanda cha magari. Roboti zinatuhusu nini?

Ukivuka ziwa hili kwenda kaskazini, hadi pale linapomwaga maji Mto Nile, unafika Jinja. Kiira Motors wamejenga kiwanda chao cha mabasi huko. Ni watu walioanzia Chuo Kikuu cha Makerere na gari dogo la umeme mwaka 2011, wakaleta basi la Kayoola la nguvu ya jua mwaka 2016. Kigali, Volkswagen walianza kuunganisha magari mwaka 2018. Kenya wana viwanda vya kuunganisha Nairobi, Thika na Mombasa. Kwetu, malori yanaunganishwa Kibaha, na Nyumbu, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari, kiko huko huko. Kijana wa Ilemela akitafuta kazi ya ufundi leo, hayo ndiyo majina anayoyataja.

Halafu jambo lenyewe halichagui bidhaa. Mwenye kiwanda cha minofu ya sangara anayewaza kununua mashine ya kupanga samaki kwa uzito ana kichwa kinachomuuma kama cha meneja wa kiwanda cha magari: nani abaki, nani afundishwe, nani ataitengeneza ikizima saa nane usiku? Na aliyechomelea mabamba ya MV Mwanza pale bandari ya Mwanza Kusini, meli yenye urefu wa mita 92.6, ana mkono ambao kiwanda chochote cha magari kingeutamani.

Roboti inafanya nini hasa kiwandani? Nieleze kama mtu ambaye hajawahi kuingia.

Kiwanda kamili cha magari kina sehemu kubwa nne. Kwanza mabati yanapigwa na mashinikizo makubwa hadi yanapata umbo la mlango, paa au boneti. Pili vipande vinachomelewa kuwa bodi. Tatu rangi. Nne ni uunganishaji wa mwisho: injini, nyaya, viti, vioo, dashibodi.

Roboti zimetawala sehemu ya pili na ya tatu, na ina sababu. Kuchomelea bodi ni kurudia nukta zilezile maelfu ya mara kwenye moto na cheche, na kupuliza rangi ni kuvuta kemikali kifuani. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, Marekani. Kazi yake ilikuwa kutoa vyuma vya moto kwenye mashine ya kalibu. Hakuna aliyelia kwa kunyang'anywa kazi hiyo.

Sehemu ya nne ndiyo inayozishinda. Chukua fungu la nyaya za gari: refu, zito, laini, linalegea huku na kule kama nyavu iliyolowa. Mvuvi wa Mwaloni anaikunjua nyavu gizani akiwa anapiga soga. Mpe roboti fungu la nyaya alipitishe nyuma ya dashibodi, utasubiri. Ndiyo maana hata viwanda vyenye fedha za kumwaga bado vimejaza watu kwenye uunganishaji wa mwisho.

Kwa hiyo kazi zinapotea, hazipotei?

Zinapotea. Anayekwambia hakuna atakayeumia anakuuzia mashine. Desemba 2024, Volkswagen na chama cha wafanyakazi cha Ujerumani walikubaliana kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 hadi mwaka 2030, ila bila kumfukuza mtu kwa nguvu: wanaostaafu hawajazwi, wengine wanalipwa waondoke kwa hiari. Sababu hazikuwa roboti peke yake. Soko lilikuwa gumu, na gari la umeme lina vipande vichache zaidi vya injini, kwa hiyo mikono inayohitajika nayo ni michache.

Lakini wapo pia waliokwenda mbio wakajikwaa. Tesla, watengenezaji wa magari ya umeme wa Marekani, walijaza roboti kwenye laini ya gari lao la Model 3, uzalishaji ukakwama, na Aprili 2018 bosi wao Elon Musk mwenyewe akaandika kwamba kuzidisha mashine lilikuwa kosa lake na kwamba binadamu wanadharauliwa. Mercedes-Benz, kule Sindelfingen, mwaka 2016 waliondoa baadhi ya roboti kubwa wakarudisha watu, kwa kuwa kila mteja alitaka gari lake kivyake na roboti ilichelewa kupangwa upya.

Kwa Afrika Mashariki kuna hesabu nyingine, nayo ni rahisi. Roboti inalipa ikifanya kazi ileile mfululizo, gari baada ya gari, kila dakika moja hivi. Kiwanda kinachotoa malori machache kwa siku hakina kazi ya kuishibisha. Kitakachotufikia mapema ni vitu vidogo: mashine ya kuchomelea inayojihesabia muda na umeme, spana inayokataa kuachia mpaka nati imefikia mkazo wake, mkanda unaosogeza bodi wenyewe, kamera ya kukagua rangi. Hivyo havifukuzi watu hamsini kwa mpigo. Vinabadilisha kazi ya mmoja mmoja, polepole, na ofisi ya rasilimali watu inakuja kushtuka baadaye.

Kila meneja anaimba "vipaji, vipaji". Kipaji kiwandani ni kitu gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana kosa nililofanya mimi liko hapa.

Kiwandani kwetu kulikuwa na mzee mmoja wa Misungwi, fundi wa kuchomelea mabati ya kabini. Darasa la saba, cheti hana. Mashine ya kuchomelea nukta inabana mabati mawili kwa ncha mbili za shaba, inapitisha umeme mkubwa kufumba na kufumbua, bati linayeyuka katikati na kushikana. Ncha hizo zinachakaa. Zinapondeka, zinakuwa bapa kama kichwa cha uyoga, umeme unatawanyika na nukta inakuwa dhaifu, ingawa kwa macho inaonekana nzuri tu. Mzee alikuwa anasikiliza. Mlio ukibadilika, anasimamisha kazi, anazinoa zile ncha, anaendelea. Kila asubuhi alikuwa anachukua kipande cha majaribio, anaingiza tindo katikati ya mabati na kupiga nyundo. Nukta nzuri haiachii. Bati lenyewe ndilo linachanika pembeni yake. Nukta mbovu inabanduka kama stempu.

Ikaja mashine mpya inayojihesabia. Muuzaji akasema haihitaji fundi, inahitaji mtu wa kubonyeza. Barua ya kumwachisha mzee kazi niliiandaa mimi, nikaweka na sahihi yangu. Kwenye faili lake palikuwa na mistari miwili: tarehe ya kuanza na cheo, "msaidizi wa karakana". Kumi na minne ya miaka, mistari miwili!

Wiki ya nne milango ilianza kugonga. Kabini inatoka vizuri, lori likipita barabara ya vumbi mlango unalia kwa ndani. Tukalaumu bati, tukalaumu bawaba, tukamlaumu dereva wa majaribio. Mashine ilikuwa inahesabu nukta kwa uaminifu kabisa, ila hakuna aliyeiwekea ratiba ya kunoa ncha, kwa kuwa aliyekuwa anajua kwamba ncha zinanolewa alikuwa Misungwi anapalilia mpunga. Tulimrudisha kama kibarua kwa malipo ya siku, makubwa kuliko mshahara wake wa zamani. Alifika, akasikiliza kwa dakika mbili, akaomba tupa.

Kwa hiyo ukiniuliza kipaji ni nini, nitakujibu ni kile ambacho mtu anakijua na faili lake halikitaji. Kukisimamia ni kukiona kabla hujasaini barua.

Nina karakana ya bodi za malori, mafundi kumi na sita. Nataka kununua mashine. Nianzie wapi?

Anzia ukutani. Chukua karatasi kubwa ya manila. Majina yashuke upande wa kushoto, kazi zote za karakana zipangwe juu: kukata, kukunja bati, kuchomelea kwa gesi, kuchomelea kwa umeme, kupima pembe, kupiga rangi, kufunga nyaya za taa, kutengeneza kompresa. Kila jina linapokutana na kazi chora duara, uligawe robo nne. Robo moja ikipakwa rangi, huyu anajifunza. Mbili, anafanya akiangaliwa. Tatu, anafanya peke yake. Duara lote, anaweza kumfundisha mwenzake. Viwanda vya magari vya Japani vina karatasi za namna hii ukutani, na hazihitaji kompyuta.

Kisha usome kwa kushuka. Ukikuta kazi ina duara kamili moja tu, umepata pa kuanzia, kabla ya mashine yoyote. Katika karakana moja ya hapa Nyakato tuliichora, ikaonekana mtu anayejua kutengeneza kompresa ni mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa anaomba likizo kwenda kuzika Sengerema. Kazi ilisimama siku tatu.

La pili: fundi atakayeitumia mashine aende nawe kuiona kabla hujalipa. Atauliza maswali ambayo wewe huyajui, kwa mfano ncha za akiba zinapatikana wapi. Muuzaji akianza kukohoa, umeshajibiwa.

Niwafundishe mafundi wa zamani au niajiri vijana wa chuo wanaojua kompyuta?

Wote wawili, na uwafunge pamoja kwenye mashine moja. Ugumu utakuwa wa heshima kuliko wa masomo. Kijana wa diploma hawezi kumwambia mzee wa miaka hamsini na tano "umekosea" mbele za watu, na mzee naye hawezi kumwuliza mtoto. Matokeo yake kila mmoja anakaa na nusu ya jibu.

Mfano niliouona kwa macho. Mtambo wa kubana umezima, kijana yuko kwenye skrini, mzee anapita na kikombe cha chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo televisheni yako inasemaje?"

"Inasema presha ya hewa ni ndogo. Nimebadilisha sensa, bado."

"Tangi la kompresa mmelitoa maji lini?"

Kijana akanyamaza. Hewa ya ziwani ina unyevu, kompresa inaikamua, maji yanajaa chini ya tangi na kuingia kwenye mabomba. Mzee akafungua koki, maji yenye kutu yakatoka karibu nusu ndoo. Kijana kwa upande wake akaweka kengele kwenye skrini, inalia kila asubuhi saa moja na nusu: toa maji. Mzee asingeweza kuiweka kengele, na kijana asingejua iite nini. (Sensa ninayoisema ni ile ya mafundi, kifaa cha kupimia. Mama mmoja aliniuliza kama ni ile ya watu na makazi.)

Wajapani hili walilitambua zamani. Mitsuru Kawai aliingia Toyota akitokea chuo cha ufundi cha kampuni hiyo hiyo, akaanzia kwenye karakana ya kufua vyuma, na mwaka 2017 akapandishwa hadi makamu mtendaji wa rais. Ndiye aliyesisitiza mafundi wafue baadhi ya vipuri kwa mkono, katikati ya kiwanda kilichojaa mitambo, ili wajue mtambo unafanya nini na wauboreshe. Asiyejua kuifanya kazi kwa mkono hana cha kuifundisha mashine.

Nikishawafundisha wanahama. Migodi ya Geita inawachukua.

Pole, na ni kweli. Fundi umeme wa viwandani anayejua kusoma programu ya mtambo ana soko hadi migodini, nawe huna mshahara wa dhahabu.

Ila dawa ya kutowafundisha ni mbaya kuliko ugonjwa. Mwaka 1913, Henry Ford alipoanzisha laini inayotembea, kazi ikawa ya kuchosha kiasi kwamba kampuni ililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kubaki na kama 14,000. Januari 1914 alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya yale ya mwanzo, na siku ya kazi ikashuka kutoka saa tisa hadi nane. Watu walipanga foleni kwenye baridi. Alikuwa amepiga hesabu akaona kuajiri na kufundisha upya kila wiki kunamla zaidi.

Wewe huna dola tano za Ford. Una ngazi. Fundi ajue, kwa maandishi, kwamba akijaza maduara matatu kwenye karatasi ya ukutani mshahara unapanda kiasi fulani, akiwa mwalimu wa wenzake unapanda tena. Ninachokiona mara nyingi ni fundi aliyejifunza mashine mpya akabaki na mshahara wa zamani na lawama mpya. Huyo hata asipokwenda Geita, kichwani ameshaondoka.

Mikataba ya "nimekusomesha, utakaa miaka mitano" siipendi. Mtu aliyezuiwa kwa karatasi anakaa mwili.

Mitambo inakuja na vitabu vya Kichina au Kiingereza. Fundi wangu anasoma Kiswahili tu.

Andika karatasi zako mwenyewe. Ukurasa mmoja kwa kazi moja, picha za simu, sentensi fupi, na maneno yanayotumika karakanani: kama wanasema "kubana", usiandike "kukandamiza". Mwandishi awe fundi, wewe sahihisha herufi. Ibandike kwenye mtambo ndani ya plastiki. Ya ofisini kwenye faili haisomwi na mtu.

Wanawake wana nafasi?

Kubwa kuliko zamani, kwa kuwa kunyanyua kunafanywa na winchi na mikono ya chuma. Kilichobaki ni jicho, utulivu na usahihi. Ukitaka ushahidi nenda viwanda vya minofu hapa hapa, uone kasi ya kisu mikononi mwa akina mama. Kinachowazuia mara nyingi ni vitu ambavyo havimo kwenye mtaala: choo kimoja kwa wote, hakuna chumba cha kubadilishia nguo, zamu inaisha saa sita usiku na daladala hakuna. Rekebisha hivyo kwanza, halafu ndipo utangaze nafasi.

Mwajiri amesema mashine imechukua kazi yangu, niondoke kesho. Sheria inasemaje?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu kukushtukiza. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe: kuna njia ya kuepuka? watachaguliwaje watakaoondoka? lini? kwa malipo gani? Ushauriano unakuja kabla ya uamuzi. Kuitwa kwenye kikao na kukuta barua imeshachapwa si ushauriano. (Nilishawahi kuandaa kikao cha namna hiyo, najua harufu yake.)

Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10, mradi umemaliza angalau miezi 12 mfululizo. Miaka minane, basi, ni siku 56. Ongeza likizo ambayo hukuichukua na cheti cha utumishi.

Ukiona umeonewa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30. Watu wengi wanazipoteza wakisubiri bosi apokee simu.

Mwanangu kamaliza kidato cha nne. Asome nini ili roboti isimkute amelala?

Umeme wa viwandani, umeme wa magari au mekatroniki (mitambo, umeme na kompyuta kwa pamoja), kulingana na kilichopo chuo cha karibu. VETA wako Nyakato, nenda naye uone karakana kwa macho yako, siyo tovuti. Na asitupe hisabati: uwiano, asilimia, kusoma grafu. Vijana wanakwama hapo kuliko kwenye kompyuta.

Kama ameshajifunza gereji miaka kadhaa bila cheti, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Anapimwa kwa anachokiweza, anapewa cheti. Ningeujua mapema, yule mzee wa Misungwi angekuwa na faili nene.

Gereji yangu ni ndogo, iko Mabatini. Ninunue ile mashine ya kupima gari kwa kompyuta?

Nunua, hata ya bei nafuu, lakini umfundishe mwanafunzi wako ikomee wapi. Siku moja gari linaingia likitetemeka, mashine inaandika P0301. Maana yake silinda ya kwanza inakosa moto. Haisemi kama ni plagi, koili au nozeli. Kijana mwenye pupa anamwuzia mteja vyote vitatu. Mwambie ahamishe koili ya silinda ya kwanza aiweke ya pili, afute kosa, awashe gari, apime tena. Ikiandika P0302, koili ndiyo mbovu. Ikirudia P0301, airudishe alipoitoa na afanye hivyohivyo kwa plagi.